Mikwaruzo na Uharibifu wa Makusudi kwenye Bodi za Stenlesi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya tumeyakusanya kutoka kwa watu wanaofika karakanani kwetu Kizota, jijini Dodoma: wenye maboza ya maziwa na ya maji ya kunywa, wenye malori ya friji, wenye magari ya kuuzia chakula, madereva wa mabasi na malori ambao ngao na vibati vyao vya pembeni vimechubuliwa, na mara chache sana mtu anayeulizia gari ambalo bodi yake yote ni stenlesi. Sisi wenyewe tuliianzia kazi hii kwenye matangi ya kusindikia mvinyo wa zabibu kabla hatujagusa gari hata moja, na mengi tunayoyasema hapa tulifundishwa na matangi yale.

Kwa nini mkwaruzo wa stenlesi hautengenezwi kama mkwaruzo wa gari la kawaida?

Gari la kawaida ni bati la chuma lililovalishwa nguo kadhaa: praima, kisha rangi, kisha klia juu kabisa. Likikwaruzwa, fundi bodi hulipiga msasa, hupaka puti pale palipobonyea, hupuliza rangi inayofanana na ile ya mwanzo, na jeraha hubaki chini ya rangi mpya bila mtu kuliona. Bodi ya stenlesi haina nguo hizo. Unachokiona ni chuma chenyewe, na mng'ao wake unatokana na jinsi uso wake ulivyosuguliwa kiwandani. Kwa hiyo hakuna kitu cha kupaka juu ya mkwaruzo ili ufichike. Njia pekee ni kuupunguza uso wa chuma unaouzunguka mpaka ulingane na sakafu ya ule mkwaruzo, kisha kuurudishia uso huo sura yake ya awali.

Hilo ndilo jambo ambalo tungependa kila mteja alielewe kabla ya mengine yote. Kila tengenezo la stenlesi huondoa chuma kidogo, na chuma kilichoondoka hakirudi. Ndiyo maana sisi huanza daima na njia laini kuliko zote, na hatuendi kwenye njia kali mpaka ile laini imeshindwa mbele ya macho yetu.

Nitajuaje kwamba bodi yangu ni stenlesi kweli?

Wengi huja na sumaku, na sumaku huwadanganya. Stenlesi ya aina ya 304, ambayo ina kromiamu takriban asilimia 18 na nikeli takriban asilimia 8, kwa kawaida haivutwi na sumaku, lakini ikikunjwa au kupondwapondwa kiwandani huanza kuvutwa kidogo kwenye kona na mikunjo. Stenlesi ya aina ya 430, ambayo haina nikeli ya maana, huvutwa kama chuma cha kawaida. Tena alumini haivutwi kabisa, na si stenlesi. Dalili iliyo bora zaidi ni kuangalia mahali palipokwaruzwa zamani: bati la kawaida huwa limeshaota kutu ndani ya mkwaruzo, ilhali stenlesi hubaki nyeupe. Ukiwa bado na shaka, lete gari. Fundi aliyezoea huitambua kwa uzito na mlio wake akiligonga bamba kwa kifundo cha kidole.

Gari langu limekwaruzwa kwa msumari usiku. Nianze na nini?

Anza na picha, kabla hujagusa chochote. Piga picha za mbali zinazoonyesha gari zima na mahali lilipoegeshwa, kisha za karibu, huku mwanga ukitokea ubavuni ili mkwaruzo uonekane kina chake. Baada ya hapo toa taarifa kwa mwenyekiti wa mtaa na kituo cha polisi, uandikiwe RB. Kuharibu mali ya mtu kwa makusudi ni kosa la jinai chini ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, na hata kama aliyefanya hajulikani, ile RB ndiyo itakayoulizwa kwanza na kampuni ya bima.

Kisha, tafadhali, usisugue. Tumepokea magari ambayo mkwaruzo wa awali ulikuwa mwembamba kama unywele, lakini mwenye gari, kwa uchungu alioamka nao, alichukua stilwaya ya kusugulia masufuria akazungusha mkono kwa nusu saa. Mkwaruzo mmoja wa msumari ukawa duara la mikwaruzo elfu moja, na kazi ya saa mbili ikawa kazi ya siku mbili. Mwagia maji safi ili vumbi liondoke, osha kwa sabuni ya maji isiyo kali, kausha kwa kitambaa laini, halafu tulia.

Nitapimaje kina cha mkwaruzo?

Pitisha ukucha juu yake taratibu, ukikatisha. Ukucha usipokwama, huo ni mkwaruzo wa juu na una uwezekano mkubwa wa kutoka wote. Ukucha ukikwama kidogo, utatoka lakini kwa msasa na kwa eneo pana. Ukucha ukiingia na kusimama, kiasi kwamba unauhisi ukingo wa pande zote mbili, hapo tunaanza kuzungumza na mteja kuhusu unene wa bamba, kwa sababu kuufikia mwisho wa mfereji wa namna hiyo ni kulikondesha bamba lote linalouzunguka.

Angalia pia upande ambao mkwaruzo umelalia. Bodi nyingi za stenlesi zina nyuzi, yaani mistari myembamba sana iliyolala upande mmoja, kama nyuzi za mbao. Mkwaruzo unaofuata nyuzi hujificha wenyewe, na wakati mwingine mteja hauoni tena gari likishaoshwa. Mkwaruzo unaokata nyuzi huonekana kutoka hatua ishirini hata ukiwa mwembamba, kwa kuwa mwanga unaugonga tofauti.

Naweza kuondoa mkwaruzo mdogo mwenyewe nyumbani?

Unaweza, ikiwa ukucha haukwami, ikiwa bodi yako ina nyuzi, na ikiwa una subira. Tutaeleza jinsi tulivyofanya kazi moja, kwa kuwa maelezo ya jumla kwenye jambo hili hayamsaidii mtu.

Wakati wa maonyesho ya Nanenane pale Nzuguni, mama mmoja aliacha gari lake la kuuzia chakula limeegeshwa nje usiku kucha, akaamka na kukuta mtu ameandika jina kwa msumari kwenye ubavu wa stenlesi, herufi tano, kila moja ikiwa na urefu wa vidole vinne hivi. Tuliosha ubavu wote, si zile herufi tu, kwa sababu chembe moja ya mchanga wa Dodoma iliyobaki chini ya kitambaa hufanya kazi ya msumari mwingine. Tukainama tukautazama uso kwa mwanga wa asubuhi ili tuzione nyuzi zimelalaje. Zilikuwa zimelala kutoka mbele kwenda nyuma. Tukabandika selotepu ya karatasi kwenye ukingo wa dirisha la kuuzia na kwenye raba, ili mkono ukiteleza usizichubue.

Tulichukua pedi ya nailoni yenye chembe za kusugulia, ile ambayo madukani huulizwa kwa jina la Scotch-Brite, rangi ya kijivu ambayo ni laini, tukaifunga kwenye kipande cha mbao kilichonyooka chenye urefu wa kiganja na nusu. Mbao ni muhimu, kwa sababu vidole vikisugua bila mbao huchimba bonde mahali pa herufi, na bonde hilo huonekana baadaye kama maji yaliyotuama. Tukasugua kwa mkupuo mmoja mrefu, kutoka mbele kwenda nyuma, tukinyanyua mkono mwishoni na kurudi kuanza mwanzo, bila kukatisha na bila kuzungusha. Baada ya mikupuo kama arobaini herufi tatu zilikuwa zimepotea. Mbili za mwanzo, ambazo mwandishi wake alizikandamiza kwa nguvu za kuanzia, zilibaki. Tukapanda kwenye pedi ya rangi ya damu ya mzee, ambayo ni kali zaidi, kwa hizo mbili tu, kisha tukarudi na ya kijivu kwenye ubavu mzima, kutoka ukingo mpaka ukingo, ili sehemu iliyotengenezwa isionekane kama kiraka. Kazi yote ilichukua asubuhi moja.

Hapo kwenye ukingo mpaka ukingo ndipo watu wengi hukosea. Hutengeneza pale penye jeraha wakaacha pengine, na matokeo yake ni doa jeupe lenye umbo la mkono wa mtu katikati ya mlango. Stenlesi hutengenezwa kwa bamba zima, kuanzia kiungo hadi kiungo, hata kama mkwaruzo una urefu wa sentimita tano.

Msasa namba ngapi unafaa?

Hakuna namba moja. Mkwaruzo ambao pedi imeushindwa huanza kwa msasa laini wa 320. Ukigoma, tunashuka hadi 240, kisha 180, na kwa shida sana 120. Tukishaufuta kwa namba tuliyoishia, tunapanda tena ngazi ile ile moja baada ya nyingine, kila msasa ukifuta alama za uliotangulia, mpaka tufikie sura inayofanana na bamba la jirani. Anayeruka ngazi, kwa mfano kutoka 120 kwenda 320 moja kwa moja, atabaki na mistari minene chini ya ile myembamba, naye ataiona siku jua linapozama. Jaribu kwanza sehemu isiyoonekana, kama vile ndani ya ukingo wa mlango.

Bodi yangu imeng'arishwa kama kioo. Je, utaratibu ni ule ule?

Hapana. Uso wa kioo hauna nyuzi za kufuata, kwa hiyo pedi ya nailoni haina nafasi hapo ila kama unataka kuanza upya. Mkwaruzo hufutwa kwa msasa wa maji, kuanzia 600 au 800 hadi 2000, kisha kwa gurudumu la kitambaa na sabuni ya kung'arishia stenlesi. Gurudumu lisisimame mahali pamoja, kwa sababu joto lake hubadili rangi ya chuma. Ngao za malori na magurudumu yaliyong'arishwa huingia kwenye kundi hili, na tunashauri yaachiwe mtu mwenye mashine.

Wamepuliza rangi ya kopo na kuandika maneno. Je, bodi imeharibika?

Habari ni njema kuliko unavyodhani. Kwenye gari la kawaida, dawa yoyote inayoyeyusha rangi ya kopo huyeyusha pia rangi ya gari, na fundi hutembea kwenye uzi mwembamba. Stenlesi haina rangi ya kuyeyuka. Tina au asetoni kwenye kitambaa cheupe cha pamba itaitoa rangi ya kopo yote, hasa ikiwa bado haijamaliza siku chache. Futa kwa kufuata nyuzi, badilisha kitambaa kila kinapochafuka ili usisambaze rangi ndani ya mistari, na mwisho osha kwa sabuni na maji. Linda raba, taa, plastiki na stika, kwa kuwa hizo hazivumilii tina hata kidogo. Fanya kazi hiyo kivulini, penye hewa, mbali na moto wa mkaa wa jirani.

Rangi ikigoma kwenye mistari, usichukue wembe. Loweka kitambaa kwa tina, kibandike juu yake dakika chache huku ukikifunika kwa nailoni kisikauke, kisha futa.

Mliniambia stenlesi haishiki kutu, mbona baada ya matengenezo pametokea madoa ya kahawia?

Swali hili linastahili jibu refu, kwa sababu hapa ndipo gari zuri huharibiwa na fundi mwenye nia njema.

Stenlesi huitwa hivyo kwa kuwa ina kromiamu isiyopungua asilimia 10.5. Kromiamu hiyo inapokutana na oksijeni ya hewani hutengeneza utando mwembamba mno usioonekana kwa macho, na utando huo ndio unaokizuia chuma kisile kutu. Ukiukwaruza, hujiotesha wenyewe upya mradi uso ni safi na hewa inaufikia. Mkwaruzo peke yake, basi, hauleti kutu.

Kinacholeta kutu ni chuma cha kigeni. Fundi akisugua stenlesi kwa stilwaya, au kwa brashi ya waya wa chuma cha kawaida, au kwa jiwe la grenda ambalo jana lilikata nondo, chembe za chuma hicho hujipachika ndani ya mistari ya stenlesi. Siku hiyo bodi itang'aa vizuri kabisa. Mvua ya kwanza ikinyesha, chembe zile zinashika kutu, na bodi yote inaonekana kama imenyunyiziwa chai. Hata fundi aliye jirani akikata geti kwa grenda, cheche zake zikilirukia gari lako zinatosha kuleta madoa hayo.

Sisi wenyewe tuliwahi kufanya kosa hili. Miaka yetu ya mwanzo tulisafisha kiungo kilichochomelewa kwenye ngazi ya boza kwa brashi iliyokuwa imetumika kwenye chasisi. Mwenye boza aliondoka Oktoba akiwa ameridhika. Mwezi wa kumi na mbili, mvua zilipoanza, alirudi, naye hakusema neno, alituonyesha tu kwa kidole. Tangu siku hiyo vifaa vya stenlesi vinakaa kwenye sanduku lake, vimepakwa alama ya bluu, na hakuna anayeruhusiwa kuviazima kwa kazi nyingine.

Madoa hayo yakishatokea, yanatibika. Osha, kisha paka mchanganyiko wa asidi ya sitiriki, yaani ule unga mweupe wa ndimu unaouzwa kwa wasindikaji wa vyakula, kwa kiasi cha gramu 50 hadi 100 katika lita moja ya maji ya uvuguvugu. Uache uso ukiwa umelowa kwa nusu saa au zaidi, kisha suuza kwa maji mengi na ukaushe. Asidi hiyo huyeyusha chembe za chuma cha kawaida, huiacha stenlesi yenyewe, na huusaidia utando wa kromiamu kujijenga. Vaa glavu na ulinde macho. Wapo wanaotumia ndimu yenyewe. Kwa doa moja dogo inasaidia, mradi usuuze, lakini kwa ubavu wa boza utamaliza kapu zima bila mafanikio.

Je, maji ya Dodoma yana madhara?

Yana athari, na wakazi wa hapa wanajua jinsi birika linavyoota ukoko mweupe. Sehemu kubwa ya maji ya jiji hutoka kwenye visima virefu vya Mzakwe, katika bonde la Makutupora, na maji ya chini ya ardhi katika ukanda wetu yana chumvichumvi nyingi. Yakikaukia juani juu ya bodi huacha mabaki, na ndani ya mabaki hayo huwemo kloridi, ambayo ndiyo adui wa kweli wa stenlesi, kwani huutoboa ule utando mahali padogo padogo. Usiache gari likaushwe na jua. Lifute kwa kitambaa mara tu baada ya kuliosha. Ukivuna maji ya mvua, hayo ndiyo bora kwa suuzo la mwisho. Kwa sababu hiyo hiyo usitumie kamwe dawa za klorini za kung'arishia nguo nyeupe, zile ambazo kila mtu anaziita jiki, hata kama doa limekataa kutoka.

Mtu amemwagia bodi asidi. Nifanye nini?

Maji, mengi, mara moja, kwa dakika kumi na tano au zaidi, ukiwa umesimama upande ambao upepo unatokea. Kisha nyunyizia maji yaliyochanganywa na baikaboneti ya soda mpaka yasitoe povu, na suuza tena. Asidi ya betri ikiwahiwa huenda isiache alama ya maana. Dawa za kusafishia vigae na vyoo, ambazo nyingi zina asidi ya haidrokloriki, ni hatari zaidi, kwa kuwa huchimba vishimo na kuacha wingu la kijivu ambalo litahitaji msasa wa bamba zima. Usisubiri mpaka ufike kwa fundi. Kama asidi imemgusa mtu, acha gari, mwoshe mtu huyo na umwahishe hospitali.

Bodi imebonyea kwa jiwe. Je, mnaweza kuipasha moto na kuinyoosha?

Kuinyoosha tunaweza, mara nyingi. Kuipasha moto hatutaki, na tungekusihi usimruhusu fundi yeyote afanye hivyo. Stenlesi ya 304 hutanuka kwa joto karibu mara moja na nusu ya chuma cha kawaida, na husafirisha joto polepole sana, takriban theluthi moja ya kasi yake. Maana yake ni kwamba moto wa gesi hujikusanya mahali pamoja, bamba linavimba hapo na kujikunja, na likipoa halirudi lilivyokuwa. Zaidi ya hayo, kuanzia karibu nyuzijoto 300 za Selsiasi uso huanza kubadilika rangi, kwanza njano ya majani makavu, halafu kahawia, zambarau na bluu, na rangi hizo haziondoki kwa kuosha.

Tunachofanya ni kulifikia bonde kwa nyuma na kulisukuma kidogo kidogo kwa vyuma virefu vyenye ncha ya mviringo, huku mtu mwingine akitazama kwa mbele, kwenye mng'ao wa bamba, taswira ya mstari mweupe uliochorwa ubaoni. Stenlesi ina tabia ya kuwa ngumu zaidi kila inapopigwa, kwa hiyo pigo la kwanza lina thamani kuliko la kumi. Bonde pana lisilo na mkunjo hurudi vizuri. Bonde lenye ncha kali, hasa pale ambapo jiwe limelivuta bamba, hubaki na kumbukumbu, na kwa hilo tunasema ukweli mapema badala ya kulipiga nyundo hadi jioni.

Kwa nini msipake puti, kisha rangi ya fedha juu yake?

Kwa sababu rangi ya fedha si stenlesi, na kila atakayeitazama atajua. Ikiwa uharibifu ni mkubwa na mwenye gari amekubali kuachana na sura ya chuma kitupu, rangi inawezekana: uso hukwaruzwa kwa msasa ili rangi ipate pa kushika, hupakwa praima ya epoksi, ndipo puti na rangi zinafuata. Bila hatua hizo rangi itabanduka kama ganda la kitunguu. Njia nyingine ni kulivalisha gari stika, ambayo faida yake ni kwamba inaweza kutolewa. Kumbuka tu kwamba kadi ya gari huandikwa rangi. Ukibadilisha mwonekano wa gari zima, taarifa za kadi nazo zirekebishwe TRA.

Ninasikia kuna magari ya watu binafsi yaliyotengenezwa kwa stenlesi. Mbinu hizi zinayafaa?

Yapo, ingawa ni machache duniani. Mwaka 1936 Ford na kampuni ya vyuma ya Allegheny ya eneo la Pittsburgh, Marekani, ambayo baadaye iliitwa Allegheny Ludlum, zilitengeneza magari sita ya stenlesi kwa ajili ya kuitangaza. DeLorean DMC-12, iliyoundwa Dunmurry karibu na Belfast mwanzoni mwa miaka ya 1980, ilikuwa na mabamba ya stenlesi ya 304 yasiyopakwa rangi yaliyofunikwa juu ya umbo la faibaglasi, na nyuzi zake huonekana wazi. Mbinu tuliyoieleza ya kusugua kwa kufuata nyuzi inalifaa bila mabadiliko.

Cybertruck ya Tesla, iliyoanza kukabidhiwa wanunuzi mwishoni mwa Novemba 2023, ni jambo jingine kidogo. Stenlesi yake ni mchanganyiko wa kampuni yenyewe, ngumu, na nyuzi zake si za wazi kama za DeLorean, kwa hiyo pedi yoyote ijaribiwe kwanza mahali palipojificha. Mwanzoni mwa 2024 baadhi ya wenye magari hayo walilalamikia vidoa vya rangi ya chungwa, na chanzo chake kilielezwa kuwa ni chembe za chuma zilizotua juu ya uso, yaani jambo lile lile tulilolizungumza hapo juu. Mwaka 2025 magari hayo yalilengwa sana na waharibifu huko Marekani, wakiyapuliza rangi na kuyakwaruza. Mwaka huo huo, mwezi wa Machi, zaidi ya magari 46,000 yaliitwa kurudi kwa sababu ukanda wa stenlesi wa pembeni uliweza kubanduka. Kwa fundi hilo ni onyo zito: baadhi ya vipande hushikiliwa kwa gundi, na joto au kusukumwa ovyo kunaweza kuvilegeza.

Bima italipa?

Inategemea bima uliyokata. Bima ndogo hulipa madhara uliyomsababishia mtu mwingine na haitagusa gari lako. Bima kubwa kwa kawaida hujumuisha uharibifu wa makusudi unaofanywa na watu wengine, lakini soma mkataba kuhusu ghasia na migomo, kwa kuwa mara nyingi huwekwa kando au hulipiwa nyongeza. Mkadiriaji akija, mweleze wazi kwamba hii ni stenlesi isiyo na rangi. Tumewahi kuona makadirio ya kupuliza rangi mlango ambao haukuwahi kuwa na rangi, na mteja akapewa fedha isiyotosha hata msasa.

Bei mnapangaje?

Kwa ukubwa wa bamba na kina cha mkwaruzo, wala si kwa urefu wake. Mkwaruzo mmoja unaovuka milango miwili ni mabamba mawili. Hatutoi bei kwa simu.

Kama ni boza la maziwa, mnaweza kutengeneza na upande wa ndani?

Upande wa ndani haufanyiwi kazi kama wa nje. Mistari ya msasa inayopendeza nje ni maficho ya vijidudu ndani, kwa hiyo uso wa ndani lazima uwe laini kiasi kinachotakiwa kwa vyombo vya chakula, na viungo vichomelewe kwa gesi ya agoni pande zote mbili, kisha vioshwe kwa asidi maalumu. Kazi hiyo tunaifanya kwa miadi, boza likiwa tupu, limeoshwa na limepitisha hewa. Hakuna mtu anayeingia ndani ya tangi peke yake bila mwenzake kusimama mlangoni.

Je, naweza kuuacha mkwaruzo kama ulivyo?

Ndiyo, na mara nyingine ndivyo tunavyoshauri. Mkwaruzo kwenye gari la rangi ukiachwa huingiza maji, rangi huanza kuinuka, na baada ya masika mawili bati limeoza. Mkwaruzo safi wa stenlesi utabaki ulivyo kwa miaka, kwa hiyo hakuna haraka ya kuutengeneza, ila uwe umesafishwa na hauna chembe za chuma ndani yake. Wenzetu wanaopita njia za Kondoa na Mpwapwa, ambako matawi ya migunga yenye miiba huyafuta magari pande zote mbili, tunawaambia wasubiri. Mikwaruzo ya miiba huwa mingi, mifupi na mepesi, tena karibu yote hulala kutoka mbele kwenda nyuma, sawasawa na nyuzi za bodi, na pedi ya kijivu huimaliza yote kwa siku moja, mara moja kwa mwaka, mvua zikishakatika.